"Lawful": ni halali au ni ya kisheria?

Anayetafsiri mikataba ya kazi, sera za kampuni au hati za mahakama hukutana na neno "lawful" kila baada ya kurasa chache, na mara nyingi hulipatia tafsiri ileile aliyokwisha kuipa "legal": -a kisheria. Tangu Tanzania ilipopitisha marekebisho ya mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mazoea hayo hayawezi tena kuachwa yapite. Mtu anaweza kupoteza kazi au shauri kwa sababu ya kivumishi kimoja.

Katika Kiingereza chenyewe maneno haya mawili hukutana pale yanapomaanisha kitu kinachoruhusiwa. Hapo hata wanasheria hulitumia hili badala ya lile. Lakini "legal" ina kazi ya pili ambayo "lawful" haiifanyi, nayo ni kuonyesha kwamba jambo fulani ni la uwanja wa sheria: msaada wa kisheria, mshauri wa sheria, gharama za kisheria. Ukitaka kujua umekutana na kazi ipi, tafuta kinyume chake. Idara ya sheria haina kinyume. Hakuna ofisi yenye idara haramu. Mmiliki halali ana kinyume, ndoa halali ina kinyume, amri halali ina kinyume. "Lawful" inakaa upande huu wenye kinyume, kwa maana inatoa hukumu juu ya kitu.

Chukua Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44. Miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mfanyakazi papo hapo ni kukataa kwa makusudi amri iliyo "lawful", inayofaa, na iliyo ndani ya majukumu yake. Andika "amri ya kisheria", kisha mpe barua mfanyakazi wa ghala aliyekataa kupanga magunia. Atauliza, tena kwa haki, ni sheria gani iliyoamuru magunia yapangwe. Hakuna. Amri ile haikutoka kwenye sheria yoyote. Imetoka kwa msimamizi, na sheria haiikatazi. Ndiyo maana ya halali. Sasa mgeukie dereva wa lori. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Mwajiri akimwamuru apeleke tani 60, amri hiyo imo ndani ya kazi ya udereva lakini si halali, na kuikataa si utovu wa nidhamu. Neno "halali" linawahukumu wote wawili sawasawa. "Ya kisheria" linamchanganya wa kwanza, na wa pili halimsaidii.

Mfano mzito zaidi umo katika uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wa mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kilichobishaniwa ni kifungu kilichomtaka mwananchi apate kwanza ridhaa ya waziri ndipo aishtaki Serikali. Mahakama ilisema sheria inayobana haki ya msingi lazima iwe "lawful", yaani isitoe mwanya wa maamuzi ya kiholela na iwe na kinga dhidi yake. Tena isibane kupita inavyohitajika. Kifungu kikaanguka. Jaribu kuitafsiri kwa "-a kisheria": sheria lazima iwe ya kisheria. Hoja yote imeyeyuka, kwa sababu kila sheria iliyopitishwa na Bunge ni ya kisheria. Swali la Mahakama lilikuwa kama ni halali.

Wanaolipinga neno "halali" nao wana hoja, na si ndogo. Kwa msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Lamu, halali ni neno la dini kabla halijawa la mahakamani. Mwambie "mkopo huu ni halali" ataelewa kwamba hauna riba. Benki ikilitumia katika tangazo la mkopo wa riba kwa maana tu kwamba sheria za nchi zinauruhusu, imempotosha mteja hata kama haikukusudia. Vivyo hivyo kwa nyama na pombe. Baadhi yao hupendekeza "kwa mujibu wa sheria" kila mahali, nasi hatukubali: ile amri ya magunia haiko kwa mujibu wa sheria yoyote. "Isiyokatazwa na sheria" ni ndefu, lakini ni ya kweli.

Hoja ya asili ya neno peke yake haitoshi, maana "sheria" nayo ni ya Kiarabu na ya dini, na leo hakuna anayeshtuka akisikia sheria za barabarani. Noti za Tanzania zenyewe hutumia "halali kwa malipo". Neno limekwisha kutoka msikitini na kuingia sokoni. Kinyume chake, "haramu", ndicho bado kinachoma. "Wahamiaji haramu" humpa mtu doa ambalo sheria ya uhamiaji haikumpa. "Walioingia bila kibali" inataja kosa lenyewe.

Ugumu halisi umo kwenye sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Humo taarifa zichakatwe kwa njia "lawful", na zikusanywe kwa madhumuni "legitimate". Kiswahili kina "halali" moja kwa yote mawili. Tunaona ni afadhali kuandika "zichakatwe kihalali" na "kwa madhumuni ya haki", kisha kushika mgawanyo huo hadi mwisho wa hati. Na "lawful basis", yaani kile kinachoruhusu taarifa zichakatwe, isiandikwe "msingi wa kisheria", maana ridhaa ya mteja peke yake yaweza kuwa msingi huo. Karani aliyesoma "wa kisheria" atakwama akitafuta kifungu kinachomruhusu kuchukua namba ya simu, ilhali fomu ya ridhaa iliyosainiwa iko mbele yake mezani.