Kivuli cha wote, tawi la mmoja: mwembe mzee ni mzigo wa nani?

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa kumi, jua kali, hakuna hata upepo wa kutikisa nguo kambani. Tawi la mwembe likakatika lenyewe na kuangukia jiko la uani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga. Mabati mawili yalipasuka, sufuria ya maharage ikabonyea ikiwa bado mekoni. Shangazi alikuwa ametoka muda mfupi kabla ya hapo kwenda kutawadha. Nilipofika niligusa pale lilipovunjikia: ndani kulikuwa na rangi ya kahawia, panamomonyoka kwa kidole kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kwa nje lilikuwa tawi zima, lenye majani mabichi na maembe dodo machanga.

Jioni watu walijaa uani, wakagawanyika. Kijana mpangaji alisema, "Shangazi, huu tuukate kesho, tusingoje utuue." Mzee wa nyumba ya pili, ambaye kila siku huweka kiti chake chini ya kivuli hicho hicho upande wa pili wa ukuta, akamjibu, "Mwanangu, mwembe huu nimeukuta mkubwa hivi hivi nikiwa mtoto. Mti una kosa gani?" Shangazi mwenyewe alisema neno moja tu: "Mimi nataka nilale usingizi."

Siku nyingi nimekuwa nikiurudia mjadala ule kichwani, maana kila mmoja wao alikuwa na haki yake.

Wanaotaka shoka hawasemi kwa woga. Tawi lenye unene wa sentimita 40 na urefu wa mita 6 lina ujazo wa karibu robo tatu ya mita ya ujazo. Likiwa bichi, hapo una zaidi ya nusu tani inayoning'inia juu ya bati jembamba. Nyumba zetu nyingi hazina bima, kwa hiyo paa likibomoka, mwenye nyumba anaanza upya kwa mfuko wake. Tena miembe hii ilipandwa wakati kiwanja kikiwa shamba au ua mpana wa babu. Leo warithi wamegawana, kila mmoja kajenga vyumba vya kupangisha, na watu wanalala mahali ambapo zamani matawi yalianguka juu ya majani makavu bila kumdhuru mtu. Hali ya hewa nayo imetutoa kwenye mazoea. Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kilidhoofika kabla hakijatufikia, lakini Hidaya cha Mei 2024 kilifika hadi Mafia. Mtu wa pwani haambiwi tena kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska.

Anayetetea mti naye hatetei kumbukumbu tupu. Aliyewahi kukaa chumba cha bati saa nane mchana, kisha akatoka akakaa chini ya mwembe, hahitaji kuelezwa kivuli ni nini. Mwembe ukikatwa leo, mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kijiti cha mwembe mwingine, utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu minne, lakini kivuli cha kufunika ua mzima hicho wataona wajukuu. Na miti ndiyo iliyotupa anwani: Mwembechai na Mwembeyanga kule Dar es Salaam, Mwembe Tayari Mombasa, Mkunazini na Mwembeladu Unguja. Nairobi, Novemba 2020, mugumo mmoja, mti wa jamii ya mkuyu, wa karibu miaka mia kando ya barabara ya Waiyaki uliokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta usikatwe kupisha barabara ya juu. Nilifurahi sana niliposoma habari ile. Lakini mugumo ule uko barabarani, hakuna anayelala chini yake. Ukitaka kuujua uzito wa suala hili, tafuta mti ambao chini yake kuna kitanda cha mtoto.

Jambo ambalo pande zote mbili pale uani hazikuligusa ni kwa nini tawi lile lilioza. Miaka mingi nyuma, mafundi waliopita kusafisha njia ya nyaya za umeme waliukata mwembe ule kichwa: matawi makubwa yalikatwa katikati, vikabaki vipande vilivyosimama kama vidole. Mti haukufa. Ulitoa machipukizi mengi pembeni mwa vipande vile, na kila aliyeyaona alisema umependeza, umekuwa kijani tena.

Hapo ndipo hatari ilipopandwa. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili aone ndani kunatokea nini, akaonyesha kwamba mti haupati kupona kama ngozi ya mtu. Jeraha halifutiki. Mti hulizungushia ukuta wa ndani ili uozo usisambae, kisha hujenga mti mpya kwa nje. Ukikata tawi kwa kufuata ile pete iliyovimba pale linapoungana na shina, ukaiacha pete yenyewe, mti unaweza kuufunga mlango. Ukilikata katikati, au ukalifyeka hadi kuikwangua pete, kuvu wanaingia na ukuta hauwahi. Yale machipukizi nayo hayakuota kutoka kiini cha tawi. Yameshikilia juu juu, kwenye tabaka la nje la kipande kinachooza. Baada ya miaka kumi na tano chipukizi limekuwa nene kama paja, limebeba maembe, na limeshikwa na ganda tu. Tawi la shangazi lilikuwa moja ya hayo. Kwa hiyo yule anayesema "punguza tu kichwa, usikate mti wote", akidhani amechukua njia ya kati, mara nyingi ndiye anayeandaa ajali ya baadaye.

Na tusiwasingizie mafundi wa nyaya peke yao. Kila asubuhi tunafagia majani na kuyachomea pale pale kwenye shina, gome linaungua, uozo unaingia kwa chini. Tunachimba shimo la choo na kukata mizizi ya upande mmoja. Tunamwaga zege hadi shingoni mwa mti ili ua uwe safi. Halafu mti ukiegemea tunasema umezeeka.

Uzee peke yake, kwa kweli, si hukumu. Shina lenye uwazi ndani linaweza kusimama imara kama bomba la chuma, mradi ukuta uliobaki ni mnene wa kutosha. Cha kuogopa ni uyoga mgumu kama sahani unaoota penye mizizi, ufa unaoongezeka, udongo ulioinuka upande mmoja, mti ulioanza kuegemea juzi tu, au panda ya matawi mawili yaliyobanana hadi gome likaingia katikati. Mti wenye uyoga wa aina hiyo chini na udongo ulioinuka, kando ya nyumba, mimi ningesema ukatwe, na kabla ya kukata vichukuliwe vikonyo, yaani vijiti vya kubebeshea miche mipya. Kule Ujiji, mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 haupo tena, lakini pembeni ya mnara imesimama miembe inayosemwa kuwa ni uzao wake. Huko ni kuaga mti kwa heshima.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hesabu. Shangazi alipokwenda ofisini kuomba msaada wa kupunguza matawi, aliambiwa mti uko ndani ya kiwanja chake, ni shauri lake. Aliposema basi ataukata, akaambiwa hawezi kukata bila kibali. Yaani mti ukiwa hatari ni wa Bi Mkubwa, ukitaka kukatwa unakuwa wa serikali! Mkwezi aliyekuja kuutazama alitaka laki mbili na nusu. Shangazi anauza vitumbua. Wakati huo huo kivuli kinaliwa na mtaa mzima: mzee na kiti chake, vijana wa bodaboda, watoto wa madrasa wanaopita mchana.

Kwa hiyo ninaamini gharama ya kutunza mti mkubwa ifuate kivuli, isifuate hati ya kiwanja. Mitaa mingi tayari inakusanya ada ya taka nyumba kwa nyumba. Sehemu ndogo ingetosha kuihesabu miti mikubwa ya mtaa na kuikagua kila Februari kabla ya masika. Wakwezi wetu wanajua kupanda kuliko mtu yeyote, wanachokosa ni nusu siku ya kufundishwa mahali pa kukata: kwanza chanja kwa chini, hatua moja kutoka shinani, kisha kata kwa juu mbele kidogo ya hapo, tawi lidondoke bila kuchuna gome, ndipo uondoe kipande kilichobaki nje ya ile pete. Najua jibu litakalokuja: watu wamechoshwa na michango isiyojulikana inakokwenda. Wana haki. Pesa hiyo isiposomwa hadharani kwenye mkutano wa mtaa, mti kwa mti, nami singeitoa. Ila kumwachia mjane mmoja nusu tani ya mti kwa sababu hatuaminiani, hilo siwezi kulikubali.

Kwa shangazi tulifanya kilichowezekana. Jiko tulilihamishia upande wa pili wa ua, na hilo ndilo lililogharimu kidogo kuliko yote. Mzee alitoa elfu ishirini bila kuombwa, vijana wa bodaboda wakachanga elfu thelathini, ndugu tukamalizia, na kibali cha kupunguza matawi kikatoka baada ya wiki tatu. Mkwezi alishusha machipukizi matatu makubwa kwa kamba, moja baada ya jingine, na mawili kati ya hayo yalikuwa yameoza ndani kama lile la kwanza. Upande wa mashariki bado haujaguswa, pesa ziliisha. Shangazi anasema mpaka huo nao utazamwe ataendelea kulala chumba cha mbele, na kile cha nyuma amekifunga kwa kufuli.