Kampuni changa ya utalii ianze lini kugharimia usalama wa taarifa?

Wenye kampuni ndogo za utalii hapa Arusha wana hoja inayostahili kusikilizwa: kampuni ya watu watatu, yenye gari moja la mkopo na inayotegemea msimu wa Juni hadi Oktoba, haina fedha ya kumlipa mtaalamu wa usalama wa mitandao. Kila shilingi inahitajika kwenye leseni, matairi na kutafuta wageni. Hoja hiyo ni ya kweli, na anayewahimiza vijana wanunue mifumo ya bei kubwa kabla hawajapata mgeni wa kwanza anawapotosha.

Hata hivyo, hoja hiyo inauchukulia usalama kuwa ni bidhaa ya kununuliwa tu. Tazama namna wizi wa malipo unavyofanyika. Mtu hupata nywila ya barua pepe ya ofisi, pengine kwa sababu ni moja kwa kila kitu na kila mfanyakazi anaijua. Haharibu chochote, hutulia akisoma mazungumzo na mgeni wa Ujerumani anayetaka kupanda Kilimanjaro, na siku ankara inapotumwa, naye hutuma nyingine inayofanana nayo, kutoka anwani ileile, yenye akaunti tofauti ya benki. Mgeni hulipa kwa nia njema. Kampuni hugundua anapouliza kama fedha zimefika, au, vibaya zaidi, anapotua uwanja wa ndege wa KIA akiwa na risiti mkononi, na hapo ama imhudumie kwa hasara, ama ipoteze jina. Kampuni kubwa huweza kuibeba hasara ya safari moja, lakini changa inaweza kufungwa nayo. Kwa hiyo uchanga, unaotajwa kuwa sababu ya kusubiri, kwangu ndio sababu ya kutosubiri.

Kinga ya msingi dhidi ya wizi huo haihitaji mtaji: uthibitisho wa hatua mbili (yaani nywila pamoja na namba ya siri inayokuja kwenye simu), nywila ya kila mfanyakazi peke yake, kufunga akaunti ya aliyeacha kazi siku hiyohiyo, na kumwambia mgeni tangu mwanzo kwamba kampuni haibadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe. Inadai muda, na sikatai kwamba kwa anayejibu wageni usiku wa manane huo nao ni mzigo.

Gharama yenyewe ije lini? Wengi hupima kwa mapato. Mimi ningepima kwa mali za watu ambazo kampuni imezishika, yaani malipo ya awali, nakala za pasipoti, maelezo ya afya ya wapanda mlima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde. Pasipoti tano mwenye kampuni anaweza kuzitunza mwenyewe na kuzifuta safari ikiisha. Zikishakuwa mamia kwenye kompyuta inayotumiwa na ofisi nzima, ni wakati wa kumlipa mtaalamu, hata kwa siku mbili tu, mwezi Aprili, mvua za masika zinapokuwa zimepunguza wageni.