Kiingereza cha Kuamrishia Watoto

Hapa Moshi imeshamiri desturi ya wazazi kusema Kiingereza tu na watoto wao nyumbani, hata pale ambapo wazazi wenyewe wanakijua kwa kubahatisha. Naiona desturi hiyo kuwa ya hasara, wala sisemi hivyo kwa kukichukia Kiingereza, kwani riziki inayotokana nacho tunaiona kila siku, kuanzia kwenye utalii hadi katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha.

Hofu ya wazazi ina sababu. Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari na zaidi, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa, na mzazi mwenye uwezo akaona heri ampeleke mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza.

Tatizo linaanza anapotaka kuihamishia shule hiyo nyumbani. Katika soko la Mbuyuni nilimsikia mama mmoja akipatana bei ya mkungu wa ndizi kwa Kichagga kitamu cha Kivunjo, chenye utani na vijembe, hadi muuzaji akacheka na kupunguza. Alipomgeukia mwanawe, lugha yote ile ikanywea, zikabaki amri tatu za Kiingereza: njoo, kaa, usiguse. Mtoto anayelelewa kwa amri za namna hiyo hasikii nyumbani namna watu wanavyobishana kwa hoja, wanavyosimulia kisa au wanavyoomba radhi, na Kiingereza chenyewe anachokipata ni kile kile chenye makosa ambacho mwalimu atalazimika kukinyoosha. (Bibi yake kijijini, Desemba ikifika, atahitaji mkalimani ili azungumze na mjukuu wake mwenyewe.)

Waangalieni waongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro. Wengi wao walikulia Marangu na Machame wakisema Kichagga nyumbani na Kiswahili shuleni, wakaanza kwa kubeba mizigo, na leo wanamweleza mgeni kwa Kiingereza kisichokwama jinsi msitu unavyopisha vichaka na vichaka vinavyopisha jangwa la juu. Walijifunza ukubwani, wakiwa tayari na lugha za kufikiria na kusimulia, na kila siku walikuwa na mtu wa kuzungumza naye kwa Kiingereza.

Katika kikao cha wazazi tuliwahi kushauriwa tupige marufuku lugha nyingine zote nyumbani. Mimi ni Mmachame na mke wangu ni Mmeru wa Mlima Meru, lugha zetu zinakaribiana kiasi cha kutaniana bila kutafsiri, na ushauri huo tumeukataa: vitabu vya hadithi vya Kiingereza tunawasomea watoto jioni, lakini mazungumzo ya mezani yanaendelea kwa Kiswahili, Kimachame na Kimeru.