Nipeni Uhakiki, Alama Bakini Nazo

Kila mchezo mkubwa wa video wa konsoli, yaani mashine ya kuchezea nyumbani, unapokaribia kutoka, hufika saa ambayo wahakiki wote wanaruhusiwa kuchapisha, na kwa dakika chache mtandao mzima hujaa tarakimu: tisa, nane na nusu, kumi, nyota nne. Wachezaji wengi huishia hapo hapo. Hawasomi hata aya moja ya uhakiki wenyewe. Hutazama wastani kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, huulinganisha na wastani wa mchezo mwingine wanaoupenda, kisha malumbano yanaanza. Msimamo wangu, baada ya miaka mingi ya kucheza na kusoma uhakiki, ni kwamba alama huficha jambo lile lile ambalo mnunuzi anahitaji kulijua, yaani mhakiki aliucheza mchezo huo katika hali gani. Alikuwa na siku ngapi kabla ya makataa? Alitumia mashine ipi? Alichagua kiwango gani cha ugumu, alifika wapi, na je, duka la ndani ya mchezo, linalouza vitu kwa pesa halisi, lilikuwa limekwisha kufunguliwa alipokuwa akicheza? Bila majibu hayo, tisa kati ya kumi ni tarakimu tu.

Mfano ulio wazi zaidi kwangu ni Hollow Knight: Silksong. Mchezo huu wa Team Cherry, studio ndogo ya Adelaide, Australia, ulitangazwa Februari 2019 na kutoka tarehe 4 Septemba 2025. Watengenezaji hawakuwapa wahakiki nakala za mapema, kwa sababu waliona si haki wahakiki watangulie huku mashabiki waliosubiri miaka yote hiyo wakiendelea kusubiri. Baadhi ya waandishi walilalamika, lakini mimi nilifurahi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisoma uhakiki uliochapishwa kidogo kidogo, na watu waliokiri kwamba bado wako katikati ya safari. Uhakiki wa namna hiyo una manufaa. Unaona mtu anavyobadili mawazo kadiri anavyosonga mbele, na unaona ni wapi hasa alikwama.

Tumtazame bosi, yaani adui mkubwa wa sehemu fulani ya mchezo, anayeitwa Last Judge, anayelinda lango la kuingilia Citadel. Kutoka kwenye benchi la kupumzikia hadi kwake kuna njia ndefu ya kurukia kingo baada ya kingo, katikati ya upepo na mchanga, na ukifa unairudia yote tangu mwanzo. Mhusika mkuu, Hornet, huanza mchezo akiwa na barakoa tano za uhai, na maadui wengi wakubwa huondoa mbili kwa pigo moja, kwa hiyo mapigo matatu yanatosha kukumaliza. Hata ukimshinda bosi huyu, hulipuka, na mlipuko huo humjeruhi aliyesimama karibu. Mhakiki mwenye makataa ya kesho asubuhi ataichukia njia ile, na atakuwa na haki ya kuichukia. Mimi niliyeweza kuiweka pedi chini na kurudi kesho yake, niliiona ni sehemu ya mafunzo: kila nilipoipita vidole vilikuwa vyepesi zaidi, na nilipofika mbele ya bosi nilikuwa nimekwisha kupata mwendo. Watu wawili wamecheza mchezo ule ule na wote wamesema kweli. Tofauti yao ni muda, na muda hauonekani ndani ya alama.

Kisha likaja sasisho la kwanza, yaani marekebisho ya mchezo baada ya kutoka. Team Cherry walipunguza kidogo ugumu wa mabosi wawili wa mwanzo, Moorwing na Sister Splinter, na wakashusha bei za baadhi ya mabenchi na vituo vya usafiri ndani ya mchezo. Mabadiliko hayo hayakuwa makubwa, lakini kwa mchezo uliozua mjadala mkubwa kuhusu ugumu, yana uzito. Uhakiki ulioandikwa siku tatu za kwanza unaeleza mchezo ambao mnunuzi wa mwezi uliofuata hakuukuta vile vile, na sikuona wahakiki wengi wakirudi kuliongeza jambo hilo kwenye maandishi yao.

Clair Obscur: Expedition 33 unanipa sababu nyingine. Mchezo huo wa Sandfall Interactive, studio ya Montpellier, Ufaransa, ulitoka tarehe 24 Aprili 2025 na ukashinda tuzo ya Mchezo wa Mwaka kwenye The Game Awards Desemba mwaka huo huo. Sina ugomvi na tuzo hiyo, ulistahili. Mapigano yake ni ya zamu kwa zamu, lakini adui anaposhambulia hukai ukitazama, bali unaweza kukwepa au kupangua pigo. Kukwepa kuna nafasi pana kidogo. Kupangua kunadai ubonyeze kitufe karibu kabisa na pale pigo linapotua, kama kipa anayengoja mpira uondoke mguuni kabla ya kuruka, na malipo yake ni makubwa, kwani kila pigo lililopanguliwa hukuongezea pointi za vitendo, ambazo hulipia mashambulizi yako, na ukipangua mfululizo mzima wahusika wako hujibu kwa shambulio kali. Maadui husita makusudi katikati ya mwendo ili kukuvuruga, hivyo nilijifunza kusikiliza zaidi ya kutazama. Nimeyapenda mapigano haya kuliko ya mchezo wowote wa zamu niliowahi kucheza.

Hata hivyo, sehemu ya tatu ya mchezo ina kasoro ambayo alama za juu ziliifunika. Hapo mchezaji hupewa uwezo unaoondoa kikomo cha madhara cha 9,999 kwa pigo, na dunia nzima hufunguliwa aizunguke atakavyo. Anayekwenda moja kwa moja kwa bosi wa mwisho hupata pambano zito na la kukumbukwa. Anayeupenda mchezo kiasi cha kuzunguka kwanza, akakusanya silaha na kuwapandisha ngazi wahusika wake, humkuta bosi huyo wa mwisho akianguka baada ya zamu chache tu, na kilele cha hadithi hupoteza nguvu kwa mtu yule yule aliyejitolea zaidi. Mhakiki mwenye haraka ya kumaliza hadithi kuu hawezi kuliona hilo, kwa sababu njia aliyopita ndiyo njia nzuri. Sentensi moja tu ingetosha: maliza hadithi kwanza, uzunguke baadaye. Hiyo ndiyo sentensi ninayoitafuta katika uhakiki, na tarakimu haiwezi kuibeba.

Kuna hali mbaya zaidi ya haraka, nayo ni pale mhakiki anapopewa kitu kisicho sawa na kile atakachopewa mnunuzi. Cyberpunk 2077 ulipotoka tarehe 10 Desemba 2020, uhakiki wa mwanzo ulitokana na nakala za kompyuta, na wahakiki hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Alama zikawa nzuri. Matoleo ya konsoli za zamani, PlayStation 4 na Xbox One, yalikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba wiki moja baadaye Sony, mwenye PlayStation, iliuondoa mchezo kwenye duka lake la mtandaoni, na haukurudi hadi Juni 2021. Mwenye konsoli ya zamani aliyenunua kwa kuamini alama zile aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Leo mchezo huo, baada ya sasisho la 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty ya Septemba 2023, ni miongoni mwa michezo ninayoipendekeza kwa moyo wote kwa mwenye konsoli ya kizazi kipya. Kwa hiyo wastani wa mwaka 2020 haukumfaa mnunuzi wa konsoli wakati ule, wala haumwambii wa leo mchezo umekuwa nini.

Duka la ndani ya mchezo nalo ni hivyo hivyo. Gran Turismo 7, mchezo wa mbio za magari, ulitoka Machi 2022, ukasifiwa, kisha ndani ya mwezi huo huo sasisho likapunguza zawadi za fedha kwenye baadhi ya mbio, na kuyapata magari ya bei kubwa bila kutumia pesa halisi kukawa kazi ya kuchosha. Hasira ilikuwa kubwa hadi Kazunori Yamauchi, muasisi wa mfululizo huo, akaomba radhi, wachezaji wakapewa krediti milioni moja, ambazo ni fedha za ndani ya mchezo, na zawadi zikapandishwa tena mwezi uliofuata. Kabla yake, Crash Team Racing Nitro-Fueled ulitoka Juni 2019, na sarafu za kununua kwa pesa halisi zikaingizwa Agosti, uhakiki ukiwa umekwisha kuchapishwa na kusahauliwa. Siwalaumu wahakiki kwa kutoona kisichokuwapo. Ninachowadai ni kwamba mchezo wenye duka uandikiwe uhakiki mara mbili, mara ya kwanza siku unapotoka na mara ya pili duka linapokuwa limefunguliwa na bei zake kuonekana.

Alama zenyewe zina historia ya kuumiza. Mwaka 2010, studio ya Obsidian ilikuwa na makubaliano ya kulipwa bonasi iwapo mchezo wake, Fallout: New Vegas, ungefikisha wastani wa 85 kwenye Metacritic. Ulipata 84. Wastani huo hutengenezwa kwa kugeuza nyota na herufi za kila chombo kuwa tarakimu, kisha vyombo vingine hupewa uzito mkubwa kuliko vingine, na uzito huo hautangazwi. Kwamba malipo ya watu waliofanya kazi yalining'inia kwenye hesabu ya namna hiyo ni jambo ambalo bado linanikera. Eurogamer ilijaribu kuachana na alama mwaka 2015, lakini mwaka 2023 ikarudi na mfumo wa nyota tano. Naelewa shinikizo lililopo, kwa sababu msomaji aliyezoea tarakimu huitafuta. Nikilazimika kuchagua, ningechukua utaratibu wa jarida la Famitsu la Japani, ambako wahakiki wanne hutoa kila mmoja alama yake kati ya kumi, kwani hapo angalau unaona kwamba wanne hawakukubaliana.

Wapo wanaosema dawa ni kuwasikiliza wachezaji wenyewe. Sikubaliani nao. The Last of Us Part II ulipotoka tarehe 19 Juni 2020, maelfu ya sifuri yaliandikwa siku ile ile, wakati mchezo wenyewe unahitaji zaidi ya saa ishirini kuumaliza, na ndipo Metacritic ikaweka kanuni ya kusubiri saa 36 kabla ya wachezaji kuruhusiwa kutoa alama. Hata hivyo, wakati mwingine hasira ya wachezaji huwa ni taarifa muhimu iliyovaa nguo mbaya. Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring ya Juni 2024, ilisifiwa mno na wahakiki huku maoni ya wanunuzi kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, yakigawanyika, na wengi walilalamikia ugumu. Chanzo kimoja kilikuwa rahisi kueleza: nguvu za mchezaji katika nyongeza ile hutegemea vipande vya Scadutree vinavyookotwa njiani, na aliyevipuuza, hata kama alikuja na mhusika wa ngazi ya juu kabisa, alipigwa na kila adui. Uhakiki wa maneno mia nane kuhusu uzuri wa mandhari ulikuwa na nafasi ya kutosha kulisema hilo.

Ghost of Yōtei, wa Oktoba 2025, ndio ulionifanya niandike makala haya. Wahakiki kadhaa waliuona mzuri lakini wenye mengi yaliyozoeleka, na kwa mapigano ya kambi za maadui nakubaliana nao. Lakini mchezo huu hauishi kwenye kambi za maadui. Unaishi pale Atsu, mhusika mkuu, anapopiga shamisen, ala ya nyuzi ya Kijapani, anapochora kwa wino huku kidole chako kikiburura brashi juu ya padi ya mguso, anapocheza zeni hajiki kwa kusukuma sarafu moja igonge nyingine, na pale unapobonyeza kitufe ndani ya nyumba ya utotoni mwake ukaiona kama ilivyokuwa kabla haijateketezwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokulazimisha usimame. Anayekimbilia kuwamaliza Yōtei Six, maadui sita wakuu wa Atsu, kabla ya siku ya kuchapisha ataviruka vingi, kisha ataandika kwamba amekutana na mchezo aliokwisha kuucheza, na kwa njia aliyoipita atakuwa amesema kweli.

Kwa sababu hiyo nimepunguza sana idadi ya wahakiki ninaowafuata. Nimebaki na wale wanaoandika mwanzoni kabisa saa walizocheza, konsoli na hali ya picha waliyochagua, iwe ya fremu 30 au 60 kwa sekunde, kiwango cha ugumu, na mahali walipoachia. Wengine nawasoma baada ya sasisho la kwanza, nikiwa nimekwisha kuucheza mchezo mwenyewe.