Liache Tangi Lichafuke Kwanza

Rafiki yangu mmoja alinitumia picha usiku, bila hata salamu. Mchanga wake mweupe umefunikwa na utando wa kahawia, kama chai iliyomwagikia kitambaa, na chini ya picha ameandika: "Kaka, niweke dawa gani?" Tangi lake la matumbawe, lile la kioo la kufugia samaki na matumbawe ya baharini nyumbani, lina wiki sita. Nikamjibu asiweke kitu, akalale. Akanuna.

Simlaumu. Mimi nami ningenuna. Aliyemaliza kulipia kioo, pampu, taa na chumvi hataki kuambiwa kwamba kinachofuata ni miezi ya kutazama uchafu ukiota. Lakini ndivyo ilivyo, na nimefika mahali pa kuamini kwamba matangi mengi makubwa ya matumbawe huharibiwa na usafi wa mwenye tangi kuliko uzembe wake.

Langu ni la lita 700. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 700. Jumlisha kioo, mawe, mchanga na stendi, unakaribia tani nzima imesimama pembe moja ya sakafu. Kwa hofu ya hiyo sakafu nilipima, nikapima tena, nikasoma habari za pampu na taa kwa miezi mitatu. Siku ya kujaza maji nilikuwa najua wati za kila taa kwa kichwa. Kuhusu yatakayotokea baada ya hapo nilijua jambo moja tu, mzunguko wa nitrojeni, na nilidhani somo linaishia hapo.

Mzunguko wenyewe hauna makuu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, nayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Bakteria hao hung'ang'ania juu ya mawe na mchanga, na huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaana mpaka watoshe. Unatia chanzo cha amonia, unapima, unasubiri amonia na nitriti zishuke hadi sifuri. Zikishuka, karibu kila mtu atakuambia tangi liko tayari.

Tayari kwa nini? Kwa samaki wawili wadogo wasife kwa amonia, basi. Zaidi ya hapo ni nyumba iliyopigwa plasta leo asubuhi: kuta zipo, bati lipo, lakini ukilala humo usiku huu utaamka na kikohozi.

Nije kwenye mawe, maana hapo ndipo nilipokosea. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza namna alivyofuga samaki wa baharini kwa maji ya bahari, viputo vya hewa, na mawe yaliyotoka baharini na viumbe vyake vikiwa bado hai juu yake. Baadaye wafugaji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, wakaongeza taa kali na kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu. Tumbawe moja gumu la jamii ya Acropora alilolikuza Stüber lilikatwa vipande vikasambaa kwa wafugaji wengine, na vipande vya vipande hivyo vikaendelea kusambaa. Mitambo ilibadilika lakini tegemeo lao lilibaki lile lile: jiwe lililo hai. Mimi nikanunua jiwe lililokufa.

Nilikuwa na sababu, tena nzuri. Jiwe la baharini huja na wageni usiowaalika: Aiptasia, anemoni inayozaana kila unapojaribu kuing'oa, au yule kamba mwenye ngumi anayevunja konokono usiku. Pia kutoa mawe kwenye mwamba wa bahari ni kuvunja nyumba za wengine ili upambe yako, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mipaka bila kibali. Kwa hiyo jiwe kavu. Jeupe, safi, halina hata harufu. Sikujua kwamba kutokuwa na harufu ndiyo kasoro yake.

Shamba lililofyekwa halikai wazi. Usipopanda, magugu yatapanda. Kwanza walikuja diatomu, ule utando wa kahawia unaomkosesha rafiki yangu usingizi. Hujijengea maganda kwa silika, na ikiisha hupungua wenyewe. Kisha mwani wa kijani wenye nyuzi kama nywele. Hapo nikapandwa na hasira. Nikaweka dawa ya kufyonza fosfati, ambayo hulisha mwani, nikabadilisha maji kila baada ya siku tatu, nikapunguza chakula cha samaki mpaka wakawa wananifuata kila nilipopita mbele ya kioo. Mwani ukakonda. Nikapima: nitrati sifuri, fosfati sifuri. Nilipiga picha zile namba, nikazituma kwa watu.

Siku kumi baadaye dinoflagelata wakaingia.

Asiyewahi kuwaona hajui maana ya kuudhika. Ni nyuzi za kahawia zinazovutika kama kamasi la mtoto, kila ncha na kiputo chake cha hewa. Taa zikizimwa hulegea na nusu yake kutoweka, kwa hiyo asubuhi unafikiri umepona; ikifika saa saba mchana zimerudi, zimeyavika mawe koti zima. Baadhi yao wana sumu. Konokono wangu walianza kuanguka chali, mmoja baada ya mwingine, hata nguvu ya kujigeuza hawana. Nilikuwa nimewashindisha njaa bakteria na mwani wote ambao wangegombea nafasi na hawa jamaa, nikawaachia uwanja wao peke yao.

Kilichonitoa ni kufanya kinyume cha kila nilichokuwa nikifanya. Niliacha kubadilisha maji. Niliondoa ile dawa ya fosfati. Nikalisha samaki vizuri. Halafu jirani mwenye tangi la miaka mingi akanipa jiwe moja la ukubwa wa nazi kutoka kwenye tangi lake la chini, lile la kuchujia maji, jeusi, lina minyoo, lina vijidudu vinavyochomoza kwenye kila tundu, na kopo la tope lake. Vitu ambavyo miezi sita nyuma ningevimwagia maji ya moto. Naomba nitie neno hapa: usije ukachemsha jiwe la tangi hata siku moja. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wake umeshawapeleka watu hospitali. Lile jiwe la jirani lilichukua kama miezi miwili kueneza ukoo wake. Siku hizi nikikuta nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita nalala kwa amani, na nikiikuta sifuri ndipo ninapopata wasiwasi.

Sasa ule msemo kwamba tangi kubwa linasamehe. Una ukweli nusu. Samaki mmoja akifa nyuma ya mawe, lita 700 zitauhimili ule mwozo ambao ungeua kila kitu kwenye lita 60. Joto halipandi wala kushuka ghafla. Lakini maji mengi huficha kosa, na kosa lililofichwa hukomaa. Nitrati ikikufikia 50 na unataka 10, na unabadilisha asilimia 10 ya maji kila mara, utahitaji kubadilisha mara 16, tena kama hakuna nitrati mpya inayoingia. Kwangu hiyo ni zaidi ya lita 1,100 za maji ya chumvi, ndoo kwa ndoo. Mgongo wangu hausamehe.

Na samaki mgonjwa humtoi. Kwenye tangi kubwa lenye mawe mengi, kumkamata samaki mmoja ni kubomoa kila ulichojenga. Dawa ya shaba inayoua vimelea vya Cryptocaryon huua pia konokono, kamba na matumbawe, kwa hiyo haiingii humo. Kila samaki mpya akae karantini kwenye tangi dogo, pembeni. Sina mjadala kuhusu hilo.

Maji yanayopotea kwa mvuke ni kazi ya kila siku. Kwangu ni kama lita tano kwa siku, na chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Ukiacha wiki nzima bila kujaza, lita 35 zimeondoka na chumvi imepanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 37. Unajaza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa mpaka yasibaki na kitu; ya bomba huja na klorini, silika, fosfati, pengine na shaba. Na toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia maji, juu kabisa karibu na uso wa maji, ili umeme ukikatika bomba linyonye hewa badala ya kuvuta maji ya tangi mpaka la chini lifurike. Mimi nilijifunza hilo saa nane usiku, miguu peku, maji ya bahari yakitiririka chini ya kitanda.

Kosa langu linaloniuma zaidi halikugharimu maji. Wiki ya kumi nilinunua samaki aina ya mandarini, yule mdogo mwenye mistari ya buluu na chungwa kama kanga mpya. Muuzaji aliniuliza tangi lina umri gani, nikamwambia, akanifungia. Mandarini hudonoa mchana kutwa kopepoda, jamaa wa kamba wadogo kama chembe za chumvi, na wengi wao hawatambui chakula kingine chochote. Kopepoda hawapimwi kwa kemikali. Maji yangu yalikuwa na namba zote nzuri na mawe yangu yalikuwa jangwa. Alizunguka jiwe moja hadi jingine akidonoa, akidonoa, na kila siku lile tumbo likaingia ndani zaidi mpaka nikaweza kuona mstari wa mfupa wake. Wiki ya tano sikumwona tena.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama tangi lake limekomaa, simwulizi vipimo. Namwambia zima taa, subiri kwa muda wa saa mbili, kisha mulika kioo kwa tochi. Kama kuna vidoa vyeupe vinavyorukaruka, minyoo inayojivuta mashimoni, konokono wachanga ambao hukuwanunua, tangi linaanza kuwa na wenyeji. Ukiona na madoa ya waridi magumu kwenye mwili wa pampu, ule mwani unaojenga chokaa, basi hata Acropora unaweza kuifikiria. Kabla ya hapo weka matumbawe laini, Sinularia au Discosoma. Langu la kwanza la Acropora niliweka mwezi wa nne, nikapandisha alkali kutoka 7 hadi 10 kwa kipimo cha dKH kwa usiku mmoja, nikaamka nimekuta ngozi inabambuka kuanzia shinani.

Rafiki yangu nilimpelekea jiwe kutoka kwenye tangi langu la chini, jeusi vile vile. Alilipokea kwa vidole viwili. Wiki saba zikapita kimya. Juzi usiku ikaja picha nyingine: kioo, mwanga wa tochi, na vidoa vyeupe kama mia hivi.

"Kaka, hawa ni wadudu gani tena? Niweke dawa gani?"

Safari hii sikuandika. Nilimpigia simu.