Mlinda mlango au mpigania elimu? Uongozi wa Phi Beta Kappa na hatima ya taaluma huria

Ufunguo wa dhahabu wa Phi Beta Kappa ni kitu kidogo kinachopotea kwenye kiganja. Upande mmoja una herufi tatu za Kigiriki, nyota tatu pembeni, na mkono unaozinyooshea nyota hizo kidole. Upande wa pili una herufi S na P, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya jumuiya ya falsafa, pamoja na tarehe 5 Desemba 1776. Zamani wenye saa za mfukoni waliweza kuutumia kutia saa zao ufunguo. Siku hizi haufungui wala haujazi chochote, na kazi yake iliyobaki ni kusema kwamba aliyeuvaa alisoma, akasoma vizuri, na walimu wake wakalikiri hilo mbele za watu. Swali ninalotaka kulipima hapa ni la yule anayeiongoza jumuiya inayoutoa: je, mtu mmoja anaweza kuulinda mlango ambao wengi hawaruhusiwi kuupita, na papo hapo akatoka nje kuwaambia hao hao walioachwa kwamba kilichomo ndani ni haki ya kila raia?

Phi Beta Kappa ndiyo jumuiya kongwe kuliko zote za heshima ya kitaaluma nchini Marekani. Ilianzishwa na wanafunzi watano wa Chuo cha William & Mary, mjini Williamsburg, Virginia, miezi mitano tu baada ya tangazo la uhuru. Herufi zake ni mwanzo wa maneno matatu ya Kigiriki yanayosema kwamba upendo wa hekima ndio mshika usukani wa maisha. Leo ina matawi takriban 290, idadi ambayo ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya vyuo vya shahada vya nchi hiyo, na wanachama walio hai zaidi ya nusu milioni. Inachotetea ni kile ninachokiita hapa taaluma huria. Msomaji asichanganye neno hilo na elimu ya masafa inayotolewa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Taaluma huria ni ule mtindo wa kusoma shahada ya kwanza ambapo mwanafunzi wa fizikia hulazimika pia kusoma falsafa, na wa historia kusoma hisabati na lugha ya kigeni, kabla hajaruhusiwa kusema amehitimu. Kwa sisi tuliochaguliwa tahasusi kidato cha tano, tukaagana na kemia au na fasihi tukiwa na umri wa miaka kumi na saba, mtindo huu unaonekana kama anasa, na huenda kweli ni anasa.

Kwanza tuitazame ofisi yenyewe. Mtendaji mkuu wa jumuiya huitwa Katibu. Tangu mwaka 2016 nafasi hiyo ilishikwa na Frederick Lawrence, mwanasheria aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Brandeis. Cheo kina jina kubwa kuliko mamlaka. Katibu hawezi kumchagua mwanachama hata mmoja, kwa kuwa kazi hiyo ni ya walimu walio wanachama katika kila tawi. Hawezi pia kukipa chuo tawi jipya kwa uamuzi wake, kwani hati ya tawi hupigiwa kura na wajumbe wa matawi yote wanapokutana katika Baraza kila baada ya miaka mitatu. Alicho nacho ni jina la jumuiya, jarida lake, bajeti ya wastani, na sauti yake mwenyewe. Kiongozi wa namna hii anafanana na mzee wa mtaa ambaye hana askari wala mahabusu, lakini akisimama msikitini au kanisani watu hunyamaza. Nguvu yake yote iko katika kuheshimika, na hapo ndipo mvutano unapoanza, maana heshima ya jumuiya hii imejengwa juu ya uchache wa wanaoipata.

Wanaoutetea uchache huo wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Kila mwaka wanafunzi wa Marekani hupokea barua pepe chungu nzima kutoka vikundi vinavyojiita jumuiya za heshima, ambavyo sharti lao halisi ni kulipa ada. Katika soko la namna hiyo, jumuiya inayodai kwamba takriban robo tatu ya masomo ya mwanafunzi yawe ya taaluma huria, kwamba afikie kiwango cha kati katika lugha ya pili, kwamba asiikwepe hisabati, na kwamba hata akitimiza yote hayo awe bado miongoni mwa takriban sehemu moja ya kumi walio juu darasani, inatoa kitu kisichonunulika. Mlango ukipanuliwa mno, wanasema, ufunguo utageuka bangili ya dukani, na Katibu atakapopanda ngazi za Bunge kuzungumzia falsafa hakuna atakayemsikiliza. Hoja hii ina ushahidi wa kihistoria: kati ya wanachama wamo Theodore Roosevelt, George H. W. Bush na Bill Clinton, na jaji Ruth Bader Ginsburg. Ni taasisi chache zinazoweza kugonga mlango wa chama chochote cha siasa zikiwa na majina ya wanachama wake mkononi.

Hata hivyo, historia hiyo hiyo ikisomwa kwa makini inasema zaidi ya wanavyotaka wasemaji. Neno la Kilatini lililozaa taaluma huria lilimaanisha ujuzi unaomfaa mtu huru, yaani asiye mtumwa. Williamsburg ya mwaka 1776 ililielewa neno hilo vilivyo. Chuo chenyewe kilimiliki watumwa, na miongoni mwa wanachama hamsini wa mwanzo walikuwamo John Marshall na Bushrod Washington, wote wawili waliokuja kuwa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani na wote wawili wamiliki wa watu. Vijana waliokula kiapo cha kumfanya hekima kuwa mshika usukani walihudumiwa na watu waliokuwa watumwa. Wanawake wa kwanza waliingia mwaka 1875, miaka karibu mia baada ya kuanzishwa, katika tawi la Vermont. Miaka miwili baadaye tawi hilo hilo lilimchagua George Washington Henderson, Mwafrika-Marekani wa kwanza kuchaguliwa, mtu aliyezaliwa utumwani katika jimbo lile lile la Virginia. Vyuo vya Waafrika-Marekani vilisubiri zaidi: Fisk na Howard vilipata matawi mwaka 1953. Miaka ishirini baada ya hapo John Hope Franklin, mwanahistoria aliyesoma Fisk wakati chuo hicho hakina tawi, alishika urais wa jumuiya nzima.

Mtu anaweza kuisoma orodha hii kama safari ya mlango unaofunguka polepole, na viongozi wengi wa jumuiya huisoma hivyo katika hotuba zao. Mimi naiona kasoro moja. Kila mara mlango ulipofunguka ulifunguliwa na tawi dogo la pembezoni au kwa shinikizo la wakati, si kwa sababu falsafa iliyokuwa ndani iliwasukuma wenye ufunguo. Na leo mstari umehama tu. Sehemu kubwa ya wanafunzi maskini wa Marekani huanzia katika vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambavyo haviwezi kuwa na tawi la Phi Beta Kappa; vina jumuiya yao, Phi Theta Kappa, iliyoanza mwaka 1918. Kwa hiyo msichana anayefanya kazi ya zamu ya usiku na kumsoma Plato asubuhi katika chuo cha jamii anasikia kiongozi wa Phi Beta Kappa akisema kwamba taaluma huria ni za wote, kisha anatazama ramani ya matawi na kuona jibu tofauti.

Ajabu ni kwamba jumuiya ingekuwa imekufa zamani kama waanzilishi wangeukumbatia mlango. Mwishoni mwa mwaka 1779 walitoa hati za matawi kwa Harvard na Yale. Mwaka 1781 vita vilipokaribia Williamsburg, tawi mama lilifungwa, na kilichosalia hai ni kile kilichokwisha kugawiwa wengine.

Tuje kwenye utetezi wenyewe, maana hapo ndipo kazi ya Katibu wa siku hizi inapopimwa. Tangu mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, wanafunzi wa Marekani wanaochagua historia, lugha na fasihi wamepungua sana, na wazazi wanaolipa ada au kubeba mikopo wanauliza swali moja: atapata kazi gani? Mwaka 2013 jumuiya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kutetea sanaa na sayansi. Watetezi wa taaluma huria, ndani ya jumuiya na nje yake, wamezidi kujibu swali la mzazi kwa lugha ya mzazi, yaani pesa. Wana takwimu. Mwaka 2020 kituo cha elimu na ajira cha Chuo Kikuu cha Georgetown kilikadiria kwamba faida ya kusoma katika chuo cha taaluma huria ni ndogo katika miaka kumi ya kwanza, lakini baada ya miaka arobaini hufika kiasi cha dola 918,000, ikilinganishwa na dola 723,000 kwa vyuo vyote kwa wastani wa kati.

Kuna haja ya kusema hivyo. Mzazi mwenye deni si mtu wa kuhubiriwa nyota na kidole. Lakini hoja hiyo ni upanga unaokata kuwili. Kwanza, faida kubwa kabisa katika hesabu hizo hutoka vyuo tajiri vinavyochuja wanafunzi wake, wengi wao wakiwa watoto wa wenye nacho ambao wangefanikiwa hata wangesomea ushonaji. Pili, ukishakubali kwamba pesa ndiyo mizani, huna pa kusimama siku mizani ikikulemea. Septemba 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia, ambacho kina tawi la Phi Beta Kappa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ilipiga kura kufuta programu 28 za masomo na nafasi 143 za walimu. Idara ya lugha za dunia ndiyo iliyokatwa vibaya zaidi. Wakuu wa chuo hawakusema kwamba lugha hazina thamani. Walisema wanafunzi ni wachache na mapato hayatoshi, yaani waliushika upanga ule ule kwa mpini wake.

Ndiyo maana naona kwamba kazi bora iliyowahi kufanywa na uongozi wa jumuiya hii ilihusu kuzitafutia taaluma fedha za umma. Haikuhusu kuzisifu wala kuwapa watu ufunguo. Mwaka 1963 jumuiya iliungana na Baraza la Marekani la Jumuiya za Kisomi na Baraza la Shule za Uzamili kuunda tume juu ya hali ya insia nchini, yaani masomo kama falsafa, historia, lugha na fasihi, chini ya Barnaby Keeney, rais wa Chuo Kikuu cha Brown. Ripoti ya tume ilitoka mwaka 1964, ikidai kwamba serikali ianzishe mfuko wa insia kama ilivyokwisha kuanzisha wa sayansi. Tarehe 29 Septemba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyouanzisha Mfuko wa Taifa wa Insia, na Keeney mwenyewe akaja kuwa mwenyekiti wake. Kwa miongo iliyofuata fedha hizo zilifika kwenye maktaba za vijijini, makumbusho ya miji midogo na madarasa ya vyuo vya jamii, kwa watu ambao hawatauona ufunguo huo maishani mwao. Mlinzi wa mlango alikuwa amelitumia jina la nyumba kuwapelekea chakula walio nje. Mvutano niliouanza nao haukuisha siku hiyo, lakini angalau ulizaa kitu.

Aprili 2025 serikali ya Marekani ilifuta kwa mkupuo zaidi ya ruzuku elfu moja za mfuko huo huo. Mashirika ya wanahistoria na ya wataalamu wa lugha yalikimbilia mahakamani. Katika mazingira hayo, kiongozi wa jumuiya inayojivunia kutokuwa na upande wa kisiasa ana kila sababu ya kwenda taratibu: ana wanachama wa vyama vyote, na heshima yake ikionekana ni ya kambi moja imekwisha. Nauelewa uangalifu huo. Siukubali pale unapokuwa jina jingine la kukaa kimya, kwa sababu mfuko ule ni mtoto wa jumuiya, na mzazi hahesabiwi kuwa mwanasiasa kwa kumtetea mwanawe.

Kuna nyenzo nyingine karibu zaidi, na ni ya ndani. Chuo kikifuta walimu wa lugha hadi mwanafunzi asiweze kufikia kiwango ambacho jumuiya yenyewe inadai, tawi lake litamchagua nani, na kwa kigezo gani? Wapo wanaotaka hati ya tawi itishiwe kuondolewa. Wanaopinga wanajibu, kwa haki kabisa, kwamba adhabu ingewaangukia wanafunzi ambao hawakupiga kura ya kufuta chochote, na kwamba tawi likiondoka chuoni huondoka na walimu pekee wenye uzito wa kupinga. Nikipima, naona hati isiondolewe, ila hali ya chuo itangazwe waziwazi mbele ya Baraza, kwa jina, kabla bodi haijapiga kura badala ya baada yake. Katibu hana kura, lakini ana uwezo wa kuandika barua inayosomwa.

Na jambo hili linatugusa sisi kuliko linavyoonekana. Lugha ambayo mwanafunzi wa Marekani huitumia kutimiza sharti lile si lazima iwe Kifaransa au Kihispania. Kiswahili hufundishwa katika vyuo kadhaa vya huko, Howard, Yale na Wisconsin vikiwamo, mara nyingi na mwalimu mmoja mwenye mkataba wa mwaka, katika darasa ambalo kila Agosti linahesabiwa vichwa. Bodi inayotafuta pa kukata huanzia kwenye madarasa ya namna hiyo.