Florida State 2023: bingwa asiyeshindwa aliyeachwa nje

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida State ilifika mwanzoni mwa Desemba 2023 ikiwa imeshinda michezo yake yote 13 na kutwaa ubingwa wa ligi yake, ACC. Hata hivyo, tarehe 3 ya mwezi huo, kamati ya uteuzi yenye wajumbe 13 iliipa nafasi ya tano, wakati nafasi za kuwania ubingwa wa taifa zilikuwa nne tu. Waliopita ni Michigan, Washington, Texas na Alabama, na timu mbili za mwisho zilikuwa zimepoteza mchezo mmoja kila moja. Tangu mchujo wa timu nne uanze msimu wa 2014, bingwa wa mojawapo ya ligi tano kubwa hakuwahi kuachwa nje bila ya kushindwa hata mara moja.

Msomaji aliyezoea ligi ya pointi atashangaa kusikia kwamba kuna kamati katika jambo hili. Sababu ni kwamba daraja la juu la mchezo huu vyuoni lina timu zaidi ya 130, kila moja hucheza michezo 12 kabla ya fainali za ligi, na mingi kati ya hiyo huchezwa ndani ya ligi yake. Rekodi za timu mbili ambazo hazikukutana wala kukutana na wapinzani walewale haziwezi kulinganishwa kwa hesabu peke yake, kwa hiyo lazima mtu fulani aamue.

Waliounga mkono uamuzi huo walikuwa na hoja nzito, na si haki kuwaona kama mawakala wa televisheni, ingawa maneno hayo yalisemwa sana. Tarehe 18 Novemba, katika mchezo dhidi ya North Alabama, Florida State ilimpoteza Jordan Travis, kwotabeki wake, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, baada ya kuumia vibaya mguu. Msaidizi wake, Tate Rodemaker, aliiongoza timu kuishinda Florida kwa 24-15, kisha naye akakosa fainali ya ligi kwa jeraha la kichwa. Fainali hiyo ilichezwa na Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye kati ya mipira 21 aliyorusha, 8 tu ndiyo iliyomfikia mwenzake, kwa jumla ya yadi 55. Kanuni za kamati zilisema wazi kwamba kukosekana kwa wachezaji muhimu kunaweza kuzingatiwa. Siku hiyohiyo ya fainali Alabama iliifunga Georgia 27-24 na kukatisha mfululizo wa ushindi wa michezo 29, na kwa kuwa Texas ilikuwa imeishinda Alabama 34-24 mjini Tuscaloosa mwezi Septemba, ilikuwa vigumu kumpitisha mmoja na kumwacha mwenzake.

Upande wa pili unaanza na swali rahisi: mbona fainali hiyohiyo ya Glenn iliisha kwa ushindi wa 16-6? Safu ya ulinzi ya Florida State iliizuia Louisville, mpinzani wake katika fainali hiyo, isivuke mstari wa goli hata mara moja. Timu hii ilikuwa imeifunga LSU 45-24 na kuishinda Clemson 31-24 katika muda wa nyongeza, ugenini. Alabama, kwa upande wake, wiki moja kabla ya kuiangusha Georgia iliponea chupuchupu mbele ya Auburn, kwa mpira uliorushwa katika jaribio la nne na la mwisho huku yadi 31 zikihitajika. Isitoshe, msimu wa 2014 Ohio State ilitwaa ubingwa wa taifa ikiongozwa na Cardale Jones, kwotabeki wake wa tatu, na kamati iliyoipa nafasi wakati ule ilikuwa ikifuata utaratibu uleule. Travis mwenyewe aliandika kwamba alitamani angevunjika mapema zaidi, ili watu wapate muda wa kuona kuwa timu haikuwa yeye peke yake.

Kisha likaja pambano la Orange Bowl, mchezo wa kufunga msimu ambao mwaka huo haukuwa sehemu ya mchujo, tarehe 30 Desemba, ambapo Georgia iliifunga Florida State 63-3. Wengi walisema kamati imethibitishwa. Sikubaliani nao, kwa sababu Florida State iliwakosa wachezaji zaidi ya 20, baadhi wakiwa majeruhi na wengine wakiwa wamejitoa kwa kuwa hapakuwa na ubingwa wa kuwania. Kikosi kilichofungwa siku ile hakikuwa kile kilichoshinda michezo 13. Kwa kipimo hichohicho, Alabama kupoteza 27-20 kwa Michigan katika muda wa nyongeza wa nusu fainali kunaonyesha kwamba ilistahili kushindana, lakini hakusemi lolote kuhusu aliyeachwa.

Ninavyoona, kamati huenda ilikuwa sahihi kuhusu nani alikuwa na nguvu zaidi wiki ile. Kosa lilikuwa katika kanuni, ambazo ziliwataka wajumbe wapime yaliyotendeka uwanjani na wakati huohuo wabashiri yatakayotendeka, bila ya kusema kipi kitangulie vinapogongana. Vilipogongana, ubashiri ulishinda matokeo, na mchezaji anayeambiwa kwamba kila mchezo una uzito ana haki ya kukasirika. Hasira hiyo ilifika hadi kwa gavana wa Florida wakati huo, Ron DeSantis, aliyependekeza dola milioni 1 za kugharamia kesi; hiyo ilikuwa siasa zaidi kuliko michezo.

Kuanzia msimu wa 2024 nafasi ziliongezwa hadi 12, na mabingwa watano wa ligi waliokuwa juu zaidi katika orodha waliingia moja kwa moja, kwa hiyo timu kama ile ya 2023 isingehitaji huruma ya mtu yeyote. Kamati bado ipo na bado inabashiri, ila sasa ugomvi uko katika nafasi za mwisho, kati ya timu ambazo kwa kawaida zimeshapoteza michezo miwili au mitatu.